Umeme wa Mapaani Usimwue Fundi Wala Usimlalie Mnyonge

Mtu akisimama leo juu ya ghorofa yo yote ndefu ya Kariakoo, akatazama mapaa yaliyo chini yake, ataona kitu ambacho miaka ishirini iliyopita kilikuwa nadra: vioo vyeusi vilivyolazwa juu ya mabati, vikilikabili jua tangu asubuhi hata magharibi. Hizo ni paneli za sola. Ziko juu ya maduka, juu ya zahanati, na juu ya nyumba za wafanyakazi waliojinyima wakanunua moja baada ya moja. Na chini ya mapaa hayo hayo, mtaa kwa mtaa, zimesimama nguzo za TANESCO na nyaya zake. Paneli na nguzo zatazamana mchana kutwa, lakini nyingi hazisemezani. Umeme wa juu ukizidi hauna pa kwenda, na jirani wa nyumba ya tatu anununua uniti kwa simu.

Swali lililo mbele yetu ni hili: je, yafaa nyumba yenye paneli iungwe na gridi ya Taifa, ili umeme unaozidi mchana utoke uende kwa wengine, na usiku nyumba hiyo ichukue umeme kutoka gridi? Sisi twajibu bila kigugumizi: yafaa. Walakini twaongeza masharti matatu, na mwenye kuliacha moja katika hayo ameyaharibu yote. La kwanza, umeme huo usimwue fundi aliye juu ya nguzo. La pili, hesabu yake isimlalie mnyonge asiye na paa la kuwekea paneli. La tatu, neema yake isiwe ya wenye fedha peke yao, bali wafanyakazi nao waipate kwa umoja wao.

Jambo lenyewe si geni katika sheria. Sheria ya Umeme ilitungwa mwaka 2008, na mwaka 2018 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, ilitoa kanuni za kumwezesha mteja mwenye mtambo wake mdogo kuuunga na gridi na kuhesabiwa umeme anaoutoa. Jirani zetu wa Kenya waliliandika jambo hilo katika Sheria yao ya Nishati ya mwaka 2019, na mwaka 2024 wakalitolea kanuni. Basi mlango uko wazi. Lakini mlango kuwa wazi si kuingia. Kanuni ikikaa kabatini haimwashii mtu taa, na mwananchi asiyeielewa ataingia kwa dirisha.

Kabla ya kubishana, na tuelewane namna jambo hili linavyotendeka. Paneli hutoa umeme wa namna ya betri, uendao upande mmoja tu. Umeme wa gridi ni wa namna nyingine: hugeuka na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, na majumbani huja kwa volti 230. Kati ya umeme wa namna hizo mbili huwekwa mashine iitwayo inveta. Inveta ya kuungia gridi ni kama mpiga ngoma aingiaye katika ngoma iliyokwisha kuanza: kwanza husikiliza mapigo, kisha hupiga pamoja na wenziwe, wala haithubutu kuanzisha ngoma yake peke yake. Paneli moja ya siku hizi, yenye eneo la kama mita mbili za mraba, hutoa wati 400 au zaidi jua likiwa kali. Paneli tano hufanya kilowati 2, na katika nchi yetu mtambo wa kilowati 2 waweza kutoa kama uniti 8 kwa siku ya jua zuri.

Hapa ndipo mfanyakazi aone jambo linalomhusu yeye hasa. Jua huwaka saa ambazo yeye hayupo nyumbani. Yuko kiwandani, yuko bandarini, yuko darasani au ofisini. Nyumba imebaki na jokofu peke yake, na pengine feni moja ya mtoto. Saa sita mchana paneli zake zafanya kazi kwa nguvu zote, na hakuna wa kuutumia umeme. Arudipo saa kumi na mbili jioni, akataka kuwasha taa, kupiga pasi, na watoto kutazama televisheni, jua limekwisha kuzama. Tajiri hulitatua jambo hilo kwa kununua betri kubwa. Mfanyakazi hana fedha za betri hiyo, na hata akikopa ainunue, baada ya miaka itachoka naye atakopa tena. Lakini akiungwa na gridi, umeme wake wa mchana watumika penginepo, naye jioni ahesabiwa haki yake. Gridi ndiyo betri ya mtu asiye na betri. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba kuunga paneli na gridi ni anasa ya wakubwa. Anayeweza kujitenga na gridi ni mkubwa. Mdogo ndiye anayeihitaji.

Na Taifa lapata nini? Wako wasemao: “Tunalo bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, lenye mitambo tisa na megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, na wa mwisho mwaka 2025. Tuhangaike na vioo vya mapaani kwa nini?” Swali ni la haki, na lastahili jibu.

Jibu la kwanza ni maji. Nchi yetu yakumbuka mgao wa mwaka 2006, yakumbuka wa mwaka 2011, na yakumbuka wa mwaka 2022 na 2023. Mara nyingi chanzo kilikuwa kile kile, kwamba mvua ilipungua na mabwawa yakashuka. Jua na bwawa si washindani, ni ndugu wawili wa shamba moja. Mchana jua likifanya kazi, bwawa laweza kufunga milango yake na kuweka akiba ya maji. Jioni, tangu saa moja hata saa nne usiku, watu wote wanapowasha taa kwa pamoja, bwawa lafungua. Afikiri mtu tone moja la maji lililozuiwa Mtera. Tone hilo litafanya kazi katika mitambo ya Mtera, megawati 80, litashuka Ruaha Mkuu mpaka Kidatu, megawati 204, kisha litaingia Rufiji na kufanya kazi mara ya tatu katika bwawa la Julius Nyerere. Kila uniti itokayo paani saa sita mchana ni maji yaliyobaki bwawani kwa ajili ya usiku. Haba na haba hujaza kibaba.

Jibu la pili ni njia. Umeme wa Rufiji haufiki Moshi wala Arusha bure. Husafiri mamia ya maili juu ya nyaya, na sehemu yake hupotea njiani kwa joto la nyaya hizo. Mwezi Machi 2025 ilitangazwa kwamba mikoa ya Kaskazini itapata umeme ulionunuliwa nje na kupitishwa Kenya, na sababu iliyotajwa ilikuwa ni upotevu huo wa njiani. Sasa, umeme utokao paani Arusha ukatumiwa na kinu cha kusaga kilicho mtaa huo huo haujasafiri hata maili moja. Si badala ya bwawa. Ni msaada uliosimama karibu na mlango wa mwenye haja.

Sasa twaja kwenye sharti la kwanza, nalo twaliweka mbele ya yote kwa kuwa linahusu roho ya mtu.

Kila msomaji aijuaye mitaa yetu amemwona fundi wa laini amepanda nguzo baada ya mvua kubwa. Waya umekatika, mtaa mzima uko gizani, watoto wamesimama chini wanamwangalia. Fundi huyo amekata umeme kwenye njia kuu, na desturi ya kazi yake yamwamuru apime kwanza na kuunganisha nyaya na ardhi kabla ya kuzishika. Lakini mtaani humo kuna nyumba moja yenye paneli na inveta iliyofungwa na mtu asiye na ujuzi. Gridi imekatika, inveta hiyo haikuzima. Yaendelea kusukuma umeme wa volti 230 kwenda nje. Umeme huo wafika kwenye transfoma. Na transfoma haijui kinyume: kama ishushavyo umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 hata ukafaa nyumbani, ndivyo iwezavyo kuupandisha ule wa nyumbani urudi juu kwenye laini kubwa. Waya aliodhani umekufa wafufuka mikononi mwake.

Hatari hii si ya sola peke yake. Jenereta ya dukani iliyochomekwa bila swichi ya kubadilishia huifanya vile vile, tena wengi huichomeka hivyo bila kufikiri. Lakini kwa sola tunayo dawa iliyo ndani ya mashine yenyewe. Inveta iliyoundwa kwa ajili ya gridi yapaswa kuhisi kwamba gridi imekatika na kujizima kabla ya sekunde mbili kwisha. Ndicho kipimo kinachofuatwa na mataifa mengi. Basi isiruhusiwe kuungwa inveta yo yote isiyopimwa kwa kipimo hicho, hata kama bei yake ni nusu ya nyingine. Akiba ya mwenye nyumba haiwezi kulinganishwa na mjane wa fundi.

Na hapa lazima tuseme wazi habari ya vishoka. Hao ni watu wanaojifanya mafundi, wasio na leseni wala mwajiri, wapitao mitaani wakiahidi kuunganisha kwa haraka na kwa bei poa. EWURA ndiyo itoayo leseni za mafundi wa kufunga umeme, na leseni hiyo ina maana. Mwananchi ampaye kishoka kazi ya kuunga paneli zake na waya wa TANESCO bila TANESCO kujua, hakuokoa fedha. Ameweka mtego juu ya nguzo, na atakayenaswa ni mfanyakazi mwenziwe. Twawaambia ndugu zetu kwa upole lakini bila kuficha: kitendo hicho si ujanja.

Sharti hilo la kuzimika lina jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Inveta ikizimika pamoja na gridi, basi paneli zako hazitakuwashia taa wakati wa mgao, hata jua likiwa kali namna gani. Watu wengi hununua wakidhani wameaga giza, kisha umeme ukikatika saa nane mchana wakaona nao wamekaa kimya kama jirani zao, wakasema wameibiwa. Hawakuibiwa, hawakuelezwa. Anayetaka mwanga wakati gridi imekatika lazima awe na betri, na swichi ya kuitenga kabisa nyumba yake na waya wa nje. Ndugu zetu wa Unguja walioishi bila umeme tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, waya wa chini ya bahari uliotoka Bara ulipoharibika, wajua thamani ya kuwa na umeme wa karibu. Lakini paneli za kuungwa na gridi peke yake, bila betri, zisingaliwasaidia siku zile. Mwenye kuuza aseme kweli hiyo kabla ya kupokea fedha, na mwenye kununua aiulize.

Yafaa pia tujifunze kwa waliotangulia, tusirudie makosa yao kwa gharama yetu. Ujerumani ilianza mapema na kwa bidii. Sheria yake ya mwaka 2000 ilimhakikishia kila mwenye paneli bei ya umeme wake, na mapaa yakajaa. Lakini katika miaka ya kwanza inveta ziliamriwa zote zijizime kwa pamoja gridi inapofika mapigo 50.2 kwa sekunde. Zilipokuwa chache amri hiyo haikudhuru. Zilipokuwa nyingi mno, wakubwa wa gridi wakatambua kwamba siku moja umeme mwingi sana ungeweza kutoweka kwa nukta moja, na nchi kuingia gizani. Mwaka 2012 ikabidi itolewe amri ya kurekebisha mitambo zaidi ya laki tatu iliyokwisha kufungwa. Funzo ni nini? Kwamba kanuni ya inveta huwekwa kabla paa halijajaa, si baada yake.

Australia nayo sasa ina nyumba zaidi ya milioni nne zenye paneli. Tarehe 11 Oktoba 2020, katika jimbo la South Australia, jua lilitosheleza mahitaji yote ya umeme ya jimbo hilo kwa saa nzima, na sehemu kubwa ya umeme huo ilitoka mapaani. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo siku chache kabla yake, mwezi Septemba mwaka ule ule, jimbo hilo lilikuwa limekwisha kuamuru kwamba mitambo mipya ya majumbani iweze kuzimwa kutoka mbali wakati wa hatari. Hata kwa nchi tajiri, umeme wa mapaani si wa kila mtu kufanya atakavyo. Ukiingia waya wa wote, umeingia katika nidhamu ya wote.

Nasi tuna nidhamu yetu ya kuanza nayo. Transfoma ya mtaa ina kiasi chake. Nyumba tano zenye paneli zikisukuma umeme pamoja saa sita mchana, na mtaa hauna wa kuutumia, volti hupanda, na vyombo vya jirani vyaweza kuungua. Kwa hiyo TANESCO yapaswa kujua nani anacho nini na kwenye transfoma ipi. Kuandikisha mtambo wako si kuomba fadhila, wala si kujipeleka kwa mtoza kodi. Ni sawa na kumwambia nahodha una mzigo kiasi gani kabla chombo hakijang'oa nanga.

Sharti la pili ni hesabu. Nalo lina pande mbili, kwa hiyo twaomba msomaji asome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Tumchukue mfanyakazi wetu wa paneli tano, uniti 8 kwa siku. Tuseme nyumba yake yatumia uniti 8 vile vile: mbili mchana, sita jioni na usiku. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi. Bila paneli angelipa shilingi 2,336 kwa siku. Sasa anazo paneli. Mbili azitumia mwenyewe, sita zatoka kwenda gridi, na jioni achukua sita.

Kama uniti sita alizotoa hazihesabiwi kabisa, ameokoa mbili tu, shilingi 584, na sita zake zimekwenda bure. Huo si uungwana. Umeme aliotoa umetumika, umelipiwa na jirani, na aliyeuzalisha hakupata hata senti. Kama kila uniti atoayo yahesabiwa sawa na kila uniti achukuayo, hatalipa kitu. Na kama atoaye uniti moja ahesabiwa nusu, kama zilivyoamua kanuni za Kenya za mwaka 2024, basi sita zake zawa tatu, atalipia tatu zilizobaki, shilingi 876, naye ameokoa shilingi 1,460 kwa siku.

Mwenye paneli atasema: “Nusu ya nini? Uniti ni uniti.” Lakini na aitazame njia. Uniti zake sita zilitoka kwa waya wa TANESCO, na sita zikarudi kwa waya huo huo. Nguzo ile, transfoma ile, fundi yule aliyepanda usiku wa mvua, na mtambo uliokuwa tayari kumwashia taa saa mbili usiku, vyote vina gharama. Asiyelipa kitu ametumia waya mara mbili na kuulipia sifuri. Nani basi atakayelipa?

Jibu linatisha kidogo. Nchini mwetu yuko mteja mdogo, atumiaye uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambaye kwa bei hizo za mwaka 2016 hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ni mama wa kijijini mwenye taa mbili na redio, au kibarua aliyepanga chumba kimoja. Unafuu wake haukutoka mbinguni. Umebebwa na wateja wengine walipao zaidi. Wale walipao zaidi wakijitoa mmoja mmoja kwa njia ya mapaa, wakabaki na waya wa bure wa kuwaokoa usiku, mzigo utawaangukia waliobaki. Na waliobaki ni wapangaji, ni wa vyumbani, ni wenye mapaa ya makuti. Jimbo la California huko Marekani lilijadili jambo hilo hilo kwa miaka, na tangu Aprili 2023 wenye paneli wapya wanalipwa pungufu kwa umeme wanaoutoa. Ubishi wake ulikuwa mkali, maana waliozoea neema hawaiachi kwa hiari. Heri sisi tunaoanza tuweke haki tangu mwanzo.

Basi sisi twashauri hivi. Umeme wa mchana utokao paani ulipwe thamani yake ya kweli, ambayo ni gharama ambayo Taifa lingeitoa kuuzalisha saa ile na kuufikisha mtaa ule. Na waya ulipiwe gharama yake ya kweli na kila anayeutumia, awe ananunua au anauza. Hesabu hiyo ichapishwe, kwa Kiswahili, kwa shilingi na senti, ili mwananchi aikague. Tusije tukatoka katika dhuluma ya kumnyima mwenye paneli, tukaingia katika dhuluma ya kumlalia asiye nazo.

Na mita? Hili nalo ni la kuharakisha. Mita nyingi za LUKU ziliundwa kuhesabu umeme uingiao, si utokao. Yajulikana katika nchi zenye mita za kulipia kabla kwamba baadhi ya mita hizo, umeme unapotoka, huuhesabu kana kwamba umeingia, na nyingine hujifunga zikidhani zinaibiwa. Mwananchi atamshukuru nani, akitoa umeme wake kwa Taifa na mita ikamkata uniti? Kwa hiyo atakayeungwa apewe mita ihesabuyo pande zote mbili, na apewe katika muda uliotajwa kwa siku, si kwa miezi. Ofisi ikichelewa bila sababu, ndiyo inayomwita kishoka.

Sharti la tatu ni umoja. Mfanyakazi mmoja akienda peke yake dukani, atauziwa paneli ya namna yo yote kwa bei yo yote. Wafanyakazi mia wakienda pamoja kwa njia ya chama chao cha akiba na mikopo, wataita mhandisi awapimie, watadai cheti cha inveta, watapatana bei, na watalipa kidogo kidogo kwa mshahara. Tena si lazima kila mtu awe na paa lake. Yako mapaa mapana yanayopigwa na jua bure: ya maghala ya ushirika, ya shule za sekondari, ya viwanda, ya masoko. Shule na kiwanda hutumia umeme wao wakati ule ule jua linapowaka, kwa hiyo kidogo tu ndicho kitokacho nje, na hesabu yake ni nyepesi. Huko ndiko kwa kuanzia. Paa la kiwanda likipunguza bili ya kiwanda, chama cha wafanyakazi kiwe mezani siku bili hiyo inapojadiliwa, kisisikie habari yake kwa mbali.

Vijana nao wako tayari. Vyuo vya VETA vinafundisha ufundi wa umeme, na kazi ya kufunga na kukagua mitambo ya mapaani ni kazi ya mikono na akili ambayo haiwezi kuletwa ndani ya kontena. Paneli zitatoka ng'ambo kwa sasa, lakini fundi anayepanda paa la Tabora lazima awe mtu wa hapa. Tukimfundisha vizuri na kumpa leseni, kishoka atakosa soko bila kukimbizwa na mtu.

Kwa kumaliza, twasema kwa wote wahusika. TANESCO na itangaze wazi: mwenye paneli apite mlango upi, alete karatasi zipi, alipe kiasi gani, asubiri siku ngapi. EWURA na ihakikishe kwamba kanuni za mwaka 2018 zinaishi mitaani, si katika gazeti la Serikali tu, na kwamba inveta isiyojizima haipati njia ya kuingia waya wa Taifa. Wauzaji waseme kweli. Na sisi wafanyakazi tusiupime umeme huu kwa fedha tunayookoa peke yake.

Jua halina mwenyewe. Humwangazia mwenye bati na mwenye makuti. Lakini waya una wenyewe, nao ni sisi sote. Siku utakapounga paa lako na nguzo iliyo mbele ya nyumba yako, kumbuka kwamba iko siku ya mvua ambayo mtu atapanda nguzo hiyo kwa mikono yake miwili. Hakujui jina, wala hajui una inveta gani. Amekuamini tu.